Kitabu Hutembezwa na Ulimi wa Aliyekisoma

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika bidhaa nyingi za sokoni kauli yao haina shaka. Walakini katika vitabu, hususan vitabu vya lugha yetu ya Kiswahili, mambo huenda kinyume, kwa maana kitabu kizuri kikiachwa kijiuze chenyewe huweza kukaa rafuni miaka na mikaka, jalada likafifia na mchwa wakala pembe zake, bila ya mkono wa mtu kukigusa. Kinachokitoa hapo na kukitia mikononi mwa watu, aghalabu, ni ulimi wa mtu mmoja aliyekisoma kikamkaa moyoni asiweze kunyamaza: akamwambia jirani, jirani akamwambia shemeji yake, na kabla ya mwezi kwisha nakala moja imekwisha lala katika nyumba kadhaa, ikamrudia mwenyewe haina jalada, naye badala ya kukasirika akaona fahari.

Makala haya yanawahusu watu hao wasioweza kunyamaza. Wao si wahakiki wa vyuo vikuu, ijapokuwa wamo miongoni mwao waliosoma sana. Hawaandiki tahakiki wala hawalipwi ujira kwa rai zao. Sifa zao ni mbili: wana hamasa, na hawabagui. Huyu ashikilia riwaya ya upelelezi, yule utendi wa karne ya 19, wa tatu tamthilia iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, wa nne hadithi ya makuli wa bandarini, na wote hukaa baraza moja wakabishana mpaka adhana ya magharibi iwatawanye. Nimewasikiliza kwa muda mrefu watu wa namna hii, Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, na itikadi yangu ni kwamba mchanganyiko wao huo, ambao baadhi ya wenye elimu huuona kuwa ni ukosefu wa mizani, umeifaa fasihi yetu kuliko matangazo yote ya wachapaji.

Katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, Unguja, yupo fundi cherehani mtu wa makamo, ambaye kibaraza cha duka lake hukusanya watu kila alasiri, muuza kahawa apitapo akigonganisha vikombe vyake. Fundi huyu hukisifu kitabu kimoja kuliko vyote, nacho ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Humsifu Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, si kwa ushujaa wa mikono, maana Bwana Msa si mtu wa bunduki wala wa kupigana. Humsifu kwa subira. Maiti imeonekana penye mzimu, watu wamekwisha kata shauri kuwa mizimu ndiyo iliyoua, naye akaa na kiko chake, awaacha wenziwe waseme, wakosee na wajikanganye, kisha ayachukua maneno yao moja moja na kuyapima. "Kupima nguo mara mbili kabla ya kukata nilifundishwa na marehemu baba," asema fundi, "lakini kupima maneno ya watu nimefundishwa na Bwana Msa."

Siku moja bwana mmoja mwenye cheo, aliyekuja kuchukua kanzu yake, alidai kwamba hadithi za upelelezi ni za kupotezea wakati na hazina funzo. Fundi hakumjibu kwa hoja ndefu. Aliinuka, akafungua mtoto wa meza, akatoa riwaya nne za mwandishi huyo, ambazo migongo yake ameishona upya kwa uzi wa cherehani kwa sababu ya kusomwa sana, akamchagulia Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968. Yule bwana alipouliza muuaji wa kitabu cha kwanza alikuwa nani, ili apunguze kazi, fundi aliulowesha uzi kinywani, akaupenyeza tunduni mwa sindano, ndipo akasema: "Kitabu hicho hapo, bwana. Kisome."

Baraza hiyo hiyo hupitiwa na mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kuzoea darasa la watoto hamsini, ambaye kitabu chake ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Kila mtu wa zama zake alikisoma shuleni, na wengi walikisahau pindi mtihani ulipokwisha; yeye akazidi kukirudia. Husimulia jinsi Karama anavyoshtakiwa kwa kutaka kuleta elimu ya sheria katika nchi inayoelea angani, na jinsi asivyomtukana mshitaki wake wala asivyomlilia mfalme, bali huwasimulia mahakimu habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na manufaa na kulipwa kifungo. Fauka ya hayo hupenda kuwakumbusha wasikilizaji wake kwamba mtu aliyeandika habari za nchi inayoogopa sheria alikuwa mwenyewe karani wa serikali ya kikoloni, aliyeanza kazi idara ya forodha mwaka 1926, akaishi kwa mshahara wa watu ambao angeweza kuwaudhi kwa sentensi moja iliyokaa vibaya.

Mpwa wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, hakubaliani naye hata kidogo, na mjadala wao ni miongoni mwa mambo yanayowafanya watu wachelewe kwenda majumbani.

"Shangazi, hao si watu," alimwambia mbele yangu. "Majivuno ana majivuno, Karama ana karama. Ukishaambiwa jina, umemaliza kitabu."

"Mwanangu, wewe umepata kufanya kazi miaka thelathini?"

"Bado, shangazi."

"Basi mimi nimefanya. Na huyo Majivuno alikuwa mkubwa wangu wa kazi."

Watu walicheka, na kijana akacheka nao, lakini hakusalimu amri. Yeye ni mfuasi wa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, na humsifu kwa sababu ile ile inayowafanya wengine wamkimbie, yaani kwamba wahusika wake hawaaminiki, hujidanganya wenyewe, hutenda mabaya bila ya mwandishi kusimama pembeni na fimbo. Alikitaja Kichwamaji cha mwaka 1974, akaikweza Nagona ya mwaka 1990, kijitabu chembamba ambacho, kwa ushahidi wake mwenyewe, alikisoma mara ya kwanza asielewe kitu, mara ya pili akakasirika, na mara ya tatu akakataa kukirudisha maktaba kabla ya siku ya mwisho. Alipofika Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971 iliyopata kupigwa marufuku mashuleni kwa kuwa ilieleza bila ya pazia masaibu ya msichana aliyelelewa kwa ukali kisha akaachiwa ulimwengu, alianza kuieleza kwa taadhima kama aliyeivumbua yeye, mpaka shangazi yake alipomkatiza. Kumbe mwalimu huyo, alipokuwa mwanafunzi wa bweni huko bara, aliisoma chini ya blanketi kwa mwanga wa tochi, nakala ikipita kitanda hata kitanda, kila msichana akipewa usiku mmoja. "Na betri zilikuwa ghali," aliongeza.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Kitabu kilichokatazwa na wakubwa kilifikishwa kwa wasomaji na sifa za wasichana walionong'onezana, ilhali vitabu vingine vilivyosambazwa kwa amri, kwa maelfu, vilisomwa bila ya kupendwa na kusahaulika bila ya kujutiwa. Amri huweza kumfungulia mtu kitabu; haiwezi kumfanya akisimulie barazani.

Msomaji mwingine nitakayemtaja ni mzee aliyechukua mizigo bandarini Unguja mpaka mgongo ulipomkataza. Macho yake hayamsaidii tena, kwa hiyo Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979, husomewa na mjukuu wake. Kazi hiyo si nyepesi kwa mtoto, kwa maana mzee humsimamisha kila panapotajwa mzigo, kamba au winchi, akaeleza namna tishali lilivyokuwa likiegeshwa ubavuni mwa meli, na joto la ndani ya ngama wakati wa kaskazi, na jinsi mtu alivyojua kwa mlio tu kwamba kamba inataka kukatika. Mgomo wa makuli wa mwaka 1948, ambao ndio moyo wa riwaya hiyo, baba yake alikuwamo. Na sifa ambayo mzee huyo humpa mwandishi ni fupi mno, kwamba hakuna mahali alipomkuta ameongopa kuhusu kazi. Sijui kama yupo mhakiki aliyepata kumvisha Adam Shafi nishani kubwa kuliko hiyo.

Mwandishi huyo huyo hupendwa na wanawake wengi kwa Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, iliyotengenezwa filamu mwaka 2021. Na mama mmoja mwenye genge la mboga alinieleza kwamba Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee na kumkimbia, ndiye mtu wa kitabuni pekee aliyepata kumnyima usingizi, si kwa huruma bali kwa hasira, kwa kuwa alitaka aingie ndani ya kitabu amwambie asirudi nyuma. Filamu ameitazama na kuipenda. Lakini asema kitabu kina yale ambayo Yasmin hakumwambia mtu.

Wapo vile vile wanaopenda kilicho kikongwe. Katika nyumba moja ya Mombasa nilimkuta bibi mwenye asili ya Lamu anayeujua kwa moyo Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, na ukanakiliwa kwa mkono kabla ya kuufikia mtambo wa kuchapa. Mjukuu wake, msichana mwerevu anayesomea uanasheria, humpinga waziwazi: utendi huo, asema, wamfundisha mke kumtii mumewe kupita kiasi, na hauna budi kusomwa kwa tahadhari. Bibi humsikiliza mpaka mwisho, kisha humjibu kwa upole kwamba yeye hausomi kwa ajili ya waume. Ausoma kwa kuwa mama aliyeutunga alikuwa mgonjwa, ajua kuwa hana siku nyingi, na amwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi amwachie alicho nacho. "Yale ya waume uyaache, mjukuu wangu, kama huyataki," alisema. "Ile sauti usiiache." Nimesoma maelezo mengi ya utendi huo yaliyoandikwa na mabingwa, nayo yana faida, walakini hakuna lililonirudisha kuusoma upya kwa haraka kama maneno hayo.

Katika mji huo huo, yatajwapo mashairi, mtu hawahi kumaliza salamu kabla ya kutajiwa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani, mtunzi alipofungwa miaka mitatu kwa ajili ya waraka wa kisiasa wa mwaka 1968, ikaandikwa kwa siri katika karatasi za chooni, ikachapwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo lenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mvuvi mmoja aliyenisimulia habari hii hakuisoma mahali popote. Aliipokea kwa baba yake pamoja na mashairi yenyewe, na huyasoma kwa lafudhi ya Kimvita ambayo mtu wa bara hana budi kuitegea sikio.

Tukigeukia tafsiri, ambazo baadhi yetu huziona kuwa ni vitabu vya wageni vilivyovaa kanzu, tutaona kwamba mapenzi ya wasomaji hayaulizi pasipoti. Karani mstaafu wa Tanga bado hukisifu Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Rider Haggard iliyofasiriwa na Frederick Johnson na kuchapwa mwaka 1929, na husifu kwa insafu, akikubali kwanza kwamba kiburi cha mzungu kimo humo tele, kisha akitaja ladha ya Kiswahili chake na jinsi alivyokuwa akienda shule mapema ili awahi kukalia dawati lililo karibu na kabati la vitabu. Rafiki yake, ambaye huonana naye kila Ijumaa, ni mtu wa Juliasi Kaizari: hustaajabu kwamba Julius Nyerere, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alipata wasaa wa kumfasiri Shakespeare na kutoa kitabu mwaka 1963, asitosheke, akakirejea na kukitoa upya mwaka 1969, pamoja na Mabepari wa Venisi. Kwa rai ya mzee huyo, mtu mwenye nchi nzima ya kuongoza akikaa kusahihisha mashairi, basi sisi tusio na nchi hatuna udhuru wa kutoyasoma.

Na katika tafsiri za karibuni ipo moja ambayo wasomaji wa Unguja huitaja kwa furaha ya kumpokea msafiri wa nyumbani. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 1948 na kuandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, alipopewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, wengi walishangilia jina ambalo hawakuwa wamelisoma. Mwaka 2022 ndipo riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, ilipotoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana mmoja wa chuo aliniambia kwamba alikuwa amekwisha kuisoma kwa Kiingereza na kuipenda, lakini alipoisoma kwa Kiswahili aliweza kumsomea mama yake, naye mama akaanza kubishana na wahusika.

Nisiwasahau madereva. Dereva wa lori aendaye Tunduma, ambaye hungoja foleni ya mpakani kwa saa nyingi, huweka chini ya kiti chake riwaya za Elvis Musiba, naye huzungumza habari za Willy Gamba, jasusi wa Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kama mtu anayezungumza habari za kaka aliyefanikiwa. Kwake yeye ndizo zilizomfundisha, kabla hajakanyaga nje ya mkoa wake, kwamba ukombozi wa kusini mwa Afrika ulikuwa ni jambo lake pia. Wenziwe wa foleni wana mabingwa wao: wapo wanaorejea Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, ya mwaka 1965, na wapo wasiosikia la mtu juu ya Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa. Vitabu hivyo hubadilishwa dirisha kwa dirisha, injini zikiwa zimezimwa.

Nikiyalinganisha maneno ya watu wote hao, naona kwamba sifa ya kitabu ina adabu zake, ingawa wenyewe hawakuzifundishwa. Kwanza, haisemi kuwa kitabu ni kizuri mno, kwa kuwa kauli hiyo haimwachii msikilizaji kitu cha kushika. Hutaja mahali pamoja, kama mzee wa bandarini anavyoitaja kamba. Pili, hukiri ila ya kitabu pasi na kuombwa, kama karani wa Tanga, na hivyo humfanya msikilizaji aamini yaliyosalia. Tatu, hujua pa kunyamaza, kama fundi alivyoficha jina la muuaji. Nne, humwangalia anayeambiwa: fundi hakumpa bwana yule mwenye cheo diwani ya mashairi, wala bibi hakumlazimisha mjukuu wake kukubali kila ubeti. Msomaji mwenye adabu hizi ni mhakiki, awe na shahada au asiwe nayo.

Walakini hamasa hii ina maadui, na itakuwa ni khiyana nikiwaficha. Adui wa kwanza ni mtihani, ambao huwafundisha vijana kukichukulia kitabu kuwa ni ghala la majibu. Hata hivyo adui huyu hushindika: wako Wakenya wengi waliokisoma Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, kwa kuwa kiliwekwa katika mtaala, na hata leo, watu wazima wenye watoto, bado humsimulia Msanifu Kombo aliyetoka Tanga kumtafuta baba yake. Adui wa pili ni uhaba wa nakala. Mtu asifiwa kitabu, shauku yamshika, aenda dukani akaambiwa hakichapwi tena. Azunguka kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandika bidhaa zao kando ya njia, akipata bahati hukipata kimekosa kurasa za mwisho. Hapo huzaliwa adui wa tatu, yaani kivuli kinachotolewa kwa mashine chote kizima na kugawanywa, ambacho humfikishia msomaji maneno na kumnyima mwandishi riziki. Simlaumu sana mwanafunzi asiye na fedha. Namlaumu mchapaji anayeacha kitabu kinachoulizwa kila siku kifie ghalani, kwa hoja ya kwamba Waswahili hawasomi. Waswahili niliowataja hapa wanasoma, na wanawatia wengine hamu ya kusoma. Kinachokosekana ni kitabu cha kuwauzia.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wachapaji: watume watu wao wakakae barazani jioni moja, wasikilize vitabu gani vinavyotajwa na kutafutwa bila ya kupatikana, kisha warudishe mitamboni walau vichache. Na kwako wewe msomaji: kitabu cha mwisho kilichokushika, usikifiche wala usikionee haya, kiwe ni cha Bwana Msa au cha Mwana Kupona. Mtafute mtu mmoja wiki hii, mtajie mahali pamoja palipokushika, mwazime nakala yako baada ya kuandika jina lako ndani, na akikipenda mshauri anunue yake, kwa sababu mwandishi hufurahi kusifiwa, lakini hali sifa.